Mhariri, tuchapishie karatasi ya kutabiri kikapu cha vyuo kila Machi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe ombi moja, na kwa kuwa ombi lenyewe si la kawaida, naomba pia univumilie nilieleze kwa urefu. Kila mwaka katikati ya Machi, Jumanne ile inayofuata kutangazwa kwa timu za mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, gazeti lako lichapishe ratiba nzima ya mtoano huo ikiwa tupu, yenye mistari ya kujazwa kwa kalamu, ili sisi wasomaji tunaoshindana kutabiri matokeo kwa urafiki, bila kuweka hata shilingi moja, tuikate na kuitumia.

Sisi ni kundi la marafiki na majirani wa hapa Dodoma. Wamo walimu wenzangu, wamo watumishi wa Serikali waliohamia pamoja na wizara zao kutoka Dar es Salaam na ambao sasa kila asubuhi hupanda gari kwenda Mtumba, yumo fundi seremala wa Chang'ombe, yumo dereva wa bajaji, wamo vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na yumo mama lishe ambaye mabenchi yake ndiyo ukumbi wetu. Mimi nafundisha hisabati katika shule ya sekondari, na nadhani ni kwa sababu hiyo tu nilitwishwa kazi ya uratibu, maana wapo wanaoujua mchezo huu kunizidi.

Anayeshangaa watu wa Dodoma wamekijuaje kikapu cha vyuo vya Marekani amkumbuke Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia mwaka 2006 hadi 2009, na katika msimu wake wa mwisho timu yake ilifika nusu fainali iliyochezwa Detroit, ikafungwa na Michigan State kwa pointi 82 kwa 73. Miezi michache baadaye akachaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wote wapya walioingia ligi ya NBA mwaka huo, akaenda Memphis Grizzlies. Waliokuwa wanafunzi wakati ule leo ni watu wazima wenye familia, lakini Connecticut hawajaiacha, wameng'ang'ana nayo kama watu wanavyong'ang'ana na Simba au Yanga, na mapenzi hayo, kama nitakavyoeleza, ndiyo yaliyotupa kazi kubwa wakati wa kutunga kanuni.

Kwa asiyeyafahamu mashindano yenyewe, timu zinazoingia ni 68. Mabingwa wa ligi mbalimbali za vyuo huingia moja kwa moja, na nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati maalumu. Timu nane hucheza mechi nne za awali huko Dayton, jimboni Ohio, zikabaki timu 64, nazo zimegawanywa katika kanda nne zenye timu 16 kila moja. Ndani ya kanda kila timu hupewa namba kuanzia 1 hadi 16 kwa kadiri kamati inavyouona ubora wake, kisha wa 1 hukutana na wa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14, hivyo hivyo mpaka wa 8 na wa 9, hata ukijumlisha namba za timu mbili zinazokutana katika raundi ya kwanza jibu daima ni 17. Anayefungwa anafungasha. Kwa kuwa kila mechi hutoa timu moja na bingwa pekee ndiye asiyefungwa, timu 64 huhitaji mechi 63 kamili, na hizo 63 ndizo mtabiri anazotakiwa kuzijaza zote kabla mpira wa kwanza haujarushwa.

Utamu wake uko hapo. Katika utabiri wa ligi ya soka tuliouzoea, mtu hutabiri mechi za wiki hii, akaona yaliyotokea, wiki ijayo akaanza upya. Huku hakuna kuanza upya, kwa sababu timu uliyoiandika fainali ni lazima uwe umeivusha raundi zote tano za kabla ya hapo, na ikianguka siku ya kwanza inaanguka pamoja na kila mstari uliokuwa umeipeleka mbele. Njia za kuijaza karatasi hiyo ni 2 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 63, yaani 9,223,372,036,854,775,808, na kila mwaka naiandika namba hiyo ubaoni darasani kwa sababu ni mara chache wanafunzi hunyamaza wote kwa pamoja katika somo la vipeo. Mwaka 2014 tajiri Warren Buffett na kampuni ya Quicken Loans waliahidi dola bilioni 1 kwa yeyote ambaye angepatia mechi zote; hakupatikana. Mwaka 2019 mtu mmoja wa Ohio alipatia mechi 49 za mwanzo bila kukosea hata moja, na habari zake zikatangazwa nchi nzima kwa sababu hakuna aliyekuwa amethibitishwa kufika mbali kiasi hicho.

Pamoja na ugumu huo, asiyejua chochote hawi mnyonge katika mchezo huu, na hilo ndilo linalotufanya tukae benchi moja profesa na dereva wa bajaji. Timu yenye namba ndogo hushinda kama mechi 7 katika kila 10, kwa hiyo hata anayejaza kwa kufuata namba tu atajikuta yuko katikati ya msafara. Ujuzi unahitajika katika kuzichagua zile 3 zitakazopinduka. Wa 12 humtoa wa 5 takriban mara moja katika kila mara tatu, na mjuzi ni yule anayetambua ni wa 12 yupi. Wa 16 kumtoa wa 1 ni habari nyingine kabisa: tangu mtoano ulipofikisha timu 64 mwaka 1985, timu zilizopewa namba 1 zilishinda mechi 135 mfululizo dhidi ya zile za namba 16, mpaka tarehe 16 Machi 2018 ambapo UMBC, chuo cha Maryland ambacho wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukisikia, kiliifunga Virginia pointi 74 kwa 54. Mwaka uliofuata Virginia hao hao wakawa mabingwa. Mwaka 2023 Fairleigh Dickinson nao wakawatoa Purdue 63 kwa 58, na hadi mashindano ya mwaka 2025 kwa upande wa wanaume ni hao wawili tu. Kwa upande wa wanawake jambo hilo lilikwisha kutokea zamani, mwaka 1998, Harvard walipoifunga Stanford 71 kwa 67, na vijana wa kijiwe chetu hawapendi kukumbushwa kwamba wasichana walitangulia kwa miaka 20.

Mama lishe wetu hafuati namba wala magazeti; yeye huuliza nembo ya kila timu ni mnyama gani. Mwaka 2025 Florida, ambao nembo yao ni mamba, walikutana fainali na Houston, ambao nembo yao ni paka mkubwa wa mwituni, na yeye alikuwa ameandika mapema kwamba paka hana ubavu wa kumpiga mamba. Florida walishinda 65 kwa 63, naye akatushinda sote, wakiwemo wale wanaokesha na takwimu.

Sasa niingie katika kanuni, Mhariri, kwa sababu nimeona vikundi kadhaa vya namna hii vikianzishwa kwa shangwe na kufa kwa ugomvi, na mara zote ugomvi ulitokana na jambo ambalo halikuandikwa kabla mechi hazijaanza. Watu wazima wenye heshima zao wanaweza kununiana mwezi mzima kwa pointi moja ya mchezo usio na fedha, ilimradi kila mmoja anaamini kwamba kanuni ilikuwa upande wake.

Kanuni iliyo rahisi kuliko zote ni ya muda. Katika majira hayo saa za mashariki mwa Marekani ziko nyuma ya zetu kwa saa 7, kwa hiyo ratiba inayotangazwa kwao Jumapili jioni sisi huipata usiku wa saa 7 hivi kuamkia Jumatatu, na raundi ya kwanza inayoanza kwao Alhamisi baada tu ya saa 6 mchana, kwetu huanza saa 1 na dakika chache usiku. Karatasi zetu hufungwa Alhamisi saa 12 kamili jioni, jua la Dodoma likiwa bado linaonekana, na baada ya hapo hakuna anayegusa kalamu, awe amechelewa kwa sababu ya kikao cha wizara au kwa sababu ya pancha. Mwaka 2024 na 2025 mashindano yaliangukia Ramadhani, ikawa karatasi zinafungwa muda mfupi kabla ya futari, na walioamka kula daku wakazikuta mechi za mwisho za usiku zikiendelea. Sijui kama tutapata tena mpangilio mzuri namna ile wa kufuatilia matokeo.

Kanuni ya pointi ndiyo iliyo ngumu, na ndiyo ninayoomba kuikalia kidogo. Mfumo uliozoeleka huko kwao hutoa pointi 1 kwa kila mechi unayoipatia katika raundi ya kwanza, 2 katika ya pili, kisha 4, 8, 16, na 32 kwa anayempatia bingwa. Kwa macho ni mfumo wa haki, kwa sababu kila raundi ina jumla ya pointi 32 na raundi zote sita zina pointi 192. Lakini ukiutazama vizuri utaona kwamba mechi moja tu ya mwisho ina uzito sawa na mechi zote 32 za raundi ya kwanza, yaani sehemu moja ya sita ya mashindano yote imewekwa katika jina moja. Katika kikundi cha watu wasiofungamana na timu yoyote hilo linavumilika. Katika kikundi chetu, ambamo karibu nusu ya watu huandika Connecticut bingwa kila mwaka hata iwe imepewa namba ngapi, ni balaa. Connecticut walipotwaa ubingwa mwaka 2023 na tena 2024, nusu ya kijiwe ilipata pointi hizo kwa pamoja na mshindi akaamuliwa na makombo. Mwaka 2025 Connecticut walitolewa na Florida raundi ya pili tu, 77 kwa 75, na kama tungekuwa bado tunatumia mfumo ule, nusu ya washindani wangekuwa wamekwisha kabla ya Jumatatu ya kwanza, huku zikiwa zimebaki wiki mbili za mashindano. Mtu ambaye karatasi yake imekufa haji tena kijiweni, na mashindano ya marafiki yasiyo na marafiki sioni yana kazi gani.

Kwa hiyo sisi hutoa pointi 1 kwa raundi ya kwanza, 2 kwa ya pili, 3 kwa ya tatu, 4 kwa ya nne, 5 kwa nusu fainali na 6 kwa fainali. Jumla yake ni 120, na aliyempatia bingwa anapata sehemu moja ya ishirini tu ya pointi zote. Ni zawadi inayotosha kumfanya afurahi na haitoshi kuwafukuza wengine. Vijana wa chuo walitaka tuongeze motisha kwa wanaothubutu, na pendekezo lao lilikuwa kwamba anayempatia mshindi ambaye hakutarajiwa apewe nyongeza inayolingana na namba ya timu hiyo. Nilikataa, na niliwaeleza kwa hesabu. Tuseme wa 12 hushinda mara moja katika kila mara tatu. Anayeandika timu zote nne zenye namba 12 atapata, kwa wastani, pointi 13 mara moja na theluthi, yaani zaidi ya 17, na anayeandika timu zote nne zenye namba 5 atapata pointi 1 mara mbili na theluthi mbili, yaani chini ya 3. Maana yake ni kwamba mwenye akili hatatazama tena nani anacheza vizuri, ataandika wanyonge wote na kukaa kusubiri. Tukakubaliana kwamba nyongeza iwe pointi 1 tu, itolewe katika raundi ya kwanza peke yake, na iwe kwa timu iliyoizidi mpinzani wake kwa namba 5 au zaidi. Ukirudia hesabu ile ile kwa wa 5 na wa 12, pande zote mbili zinatoa wastani wa pointi 2 na theluthi mbili, mizani imelala sawa, na anayetaka kupata zaidi analazimika kuzijua timu.

Yapo na mengine madogo ambayo nayo lazima yaandikwe. Karatasi inayotolewa Jumatatu au Jumanne huwa na nafasi nne zenye majina mawili mawili, za timu zinazosubiri mechi za Dayton, na anayerudisha karatasi mapema huhesabiwa yeyote atakayetoka huko. Mtu asidharau nafasi hizo, kwa maana VCU mwaka 2011 na UCLA mwaka 2021 walianzia mechi hizo za awali wakafika nusu fainali. Mechi isiyochezwa huhesabiwa kwa timu ambayo waandaaji wameiruhusu kusonga mbele, kama ilivyotokea mwaka 2021 Oregon walipovuka bila kucheza kwa sababu ya UVIKO-19 katika kambi ya VCU. Na mashindano yakifutwa kabisa kama yalivyofutwa mwaka 2020, aliyeshinda mwaka wa nyuma hubaki na heshima yake. Wakilingana pointi, hutazamwa nani alikaribia zaidi jumla ya pointi za timu zote mbili katika fainali, na hapo ndipo wengi hubahatisha ovyo bila kujua kwamba jumla hiyo hupanda na kushuka sana: mwaka 2025 ilikuwa 128, mwaka 2022 ilikuwa 141, mwaka 2021 ikafika 156. Muda wa nyongeza nao unahesabiwa. Fainali ya mwaka 2019 kati ya Virginia na Texas Tech iliingia muda wa nyongeza ikaishia 85 kwa 77, na bila kanuni hiyo kuandikwa, ile jumla ya 162 ingetosha kuvunja kikundi.

Zawadi ya mshindi ni kikapu. Nasema kikapu cha kusukwa kwa ukindu, alichokitoa mmoja wetu kutoka Soko la Majengo, ambacho mshindi hukaa nacho mwaka mzima na kukitumia kama apendavyo. Anayeshika mkia ndiye huwa karani wa mwaka unaofuata, na kazi hiyo ya kujaza matokeo ya mechi 63 kwenye karatasi ya ukutani imewafanya watu wapigane kuikwepa nafasi ya mwisho kwa juhudi ambayo hawaionyeshi katika kuitafuta ya kwanza.

Narudi kwenye jambo ambalo najua limekwisha kumjia msomaji kichwani, kwamba huu nao ni mlango wa kubeti. Sikubaliani, na sisemi hivyo kwa kubeza wasiwasi wa mtu, kwa maana nafundisha vijana na naona jinsi mikeka ya kubeti inavyozunguka chini ya madawati. Nchi yetu ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na ina Bodi inayosimamia michezo hiyo, na mtu yeyote anaelewa kwamba kinachosimamiwa hapo ni shughuli ambayo mtu anaweka fedha yake akitarajia kuvuna zaidi. Kwetu hakuna dau, hakuna kiingilio, hakuna anayeshika fedha ya mwenzake. Siku mmoja wetu aliposhauri kila mtu atoe elfu mbili ili mshindi apate cha kujipongeza, nilisema kwamba siku fedha itakapoingia mimi natoka, kwa sababu mratibu wa mchezo anaweza kukosea kujumlisha akasamehewa, lakini mshika fedha akikosea kujumlisha anaitwa jina jingine. Wakakubali bila mjadala mrefu. Huko Marekani kwenyewe, ambako tangu uamuzi wa Mahakama Kuu yao mwaka 2018 kubeti kumeenea jimbo hadi jimbo, chama cha michezo cha vyuo, NCAA, kinawakataza wachezaji na makocha wake kubeti mechi za vyuo, huku karatasi za utabiri wa bure zikijazwa katika ofisi na familia kila Machi.

Tena naona kuna faida upande huo wa darasani. Kijana anayebeti haelezwi kamwe ni uwezekano gani alionunua. Anaonyeshwa tu kiasi atakachopata akishinda. Kijana anayejaza karatasi yetu anajadili kwa sauti kwa nini wa 12 ana theluthi moja na wa 16 hana karibu chochote, na anapokosea anaona kwa macho yake jinsi kosa la raundi ya kwanza linavyosafiri hadi fainali.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na vyuo vya Marekani ilhali hapa Dodoma peke yake tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, St. John's, Mipango na CBE, vyote vikiwa na vijana wanaocheza kikapu. Swali ni la haki na jibu langu ni fupi: mashindano ya kutabiri hayawezekani bila ratiba kamili iliyotangazwa siku kadhaa kabla ya mechi, ikionyesha nani atakutana na nani mpaka fainali. Siku waandaaji wa michezo ya vyuo vyetu watakapoleta ratiba ya namna hiyo kwa gazeti lako mapema, karatasi ya kwanza ya kurudishwa itakuwa yangu.

Kwa nini basi tuhitaji gazeti, wakati karatasi hizo zinapatikana mtandaoni? Kwanza, zile za mtandaoni ziko kwa Kiingereza, zinataka simu janja na bando, na zimetengenezwa kwa mfumo wao wa pointi. Pili, na hili kwangu ni kubwa zaidi, karatasi iliyobandikwa ukutani inaonwa na wote, hakuna anayeweza kuibadili usiku, na anayepita kununua chapati anasimama, anauliza, anaingia. Mpaka sasa nimekuwa nikichora mwenyewe kwa rula kwenye karatasi ya manila, kisha nachora nyingine ndogo na kuipeleka steshenari kutoa kopi, na kila mwaka kuna jina la chuo ninaloandika kwa kifupi mpaka mtu anadhani ni chuo kingine. Gazeti linafika Singida, Iringa, Morogoro na kwingineko, na naamini huko nako kuna vijiwe vilivyokosa tu karatasi.

Ninachoomba ni nusu ukurasa wa michezo, mara moja kwa mwaka kwa wanaume na mara moja kwa wanawake. Mashindano ya wanawake nayo yana timu 68 tangu mwaka 2022, na fainali yao ya mwaka 2024 kati ya South Carolina na Iowa ilitazamwa huko Marekani na watu wapatao milioni 18.9, zaidi ya milioni 14.8 walioitazama ya wanaume mwaka huo huo, kwa hiyo asije mtu akasema haina wafuatiliaji. Karatasi itoke Jumanne, kwa sababu ratiba inayotangazwa usiku wa manane kuamkia Jumatatu haiwezi kuliwahi gazeti la Jumatatu, na Jumatano itakuwa imechelewa kwa walio mbali. Majina ya vyuo yaandikwe kamili na namba za timu zionekane, mistari iachiane nafasi ya kutosha kalamu ya kawaida, pembeni kuwe na saa za mechi kwa majira ya Afrika Mashariki, na chini kuwe na kisanduku cha kuandika jumla ya pointi za fainali. Rangi hazihitajiki. Nakuomba pia, kama mkataba wako na watangazaji unaruhusu, siku hiyo tangazo la kampuni ya kubeti lisikae ubavuni mwa karatasi hiyo wala nyuma yake, maana wengi wetu tutaikata kwa mkasi na kuibandika mahali ambapo watoto wanapita kwenda shule.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa hisabati na msomaji wako,
Kisasa, Dodoma